Neno Lililolala Chini ya Ulimi wa Bi Mize

Neno lenyewe ni ushenzi. Nalitaja mapema, tena kwa sauti, kwa sababu mimi si mtu wa mji ule na hakuna wa kunikataza. Wao hawakulitaja. Walisema "lile" huku wameinua nyusi, au "lililo kwa Bi Mize", na mtu akiteleza akalitamka lote, mama yake alimsugua ulimi kwa majivu mpaka machozi yamtoke, hata kama mwenyewe ana wajukuu. Msicheke. Nanyi mna yenu.

Mji ule ulikaa juu ya uwanda mweupe usio na mti wala njia. Ulizungushiwa ukuta, na ukuta ulikuwa na lango moja tu. Siku za kule hazikupambazuka zenyewe. Zilitoka Nje moja moja, zikasimama langoni, zikabisha hodi kama mgeni yeyote, na aliyezijibu alikuwa Bwana Mselem, Mlinzi wa Lango. Akisema karibu, kunakucha. Akinyamaza, mji mzima unabaki katika siku ya jana, chai ya jana inanywewa tena, na mtoto aliyekuwa ang'oke jino analala na jino lake. Ulipita msimu mzima wa Alhamisi tupu, kwa kuwa Bwana Mselem alizipenda Alhamisi. Ndiyo maana watu wa kule hawakuwa na umri wa kuaminika. Bi Mize mwenyewe aliwahi kuamka na mvi, akaenda kisimani, akarudi na nywele nyeusi na mwendo wa kisichana, akapika uji, na kufika adhuhuri alikuwa bibi tena. Hilo hakuliona ajabu. Alichokistaajabia maisha yake yote ni lile neno.

Lilikaa chini ya ulimi wake. Alilirithi kwa shangazi yake, ambaye alipokuwa anakata roho alimvuta shingo, akambusu mdomoni, na Mize akahisi kitu kidogo, kigumu, chenye ubaridi, kikihama kutoka ulimi mmoja kwenda mwingine. Kilikuwa na ukubwa wa kokwa ya tende. Alikula nacho, akalala nacho, akajifunza kuyapitisha maneno mengine yote pembeni yake. Katika mji mzima ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kulitamka, tena uwanjani tu, juu ya mtu aliyeletwa mbele yake. Na alipolitamka, mama weee! Ndege walikatika sauti. Ndimi za moto majikoni zilisimama wima, zikaacha kucheza. Maji yaliyokuwa yanamiminwa yalikaa hewani kidogo, yakifikiri. Watu wazima walishikana mikono, na Bi Mize mwenyewe hakujua nguvu ile inatoka wapi. Haikuwa yake. Yeye alikuwa mwanamke mfupi aliyependa samaki wa kukaanga na kulala mchana.

Sasa sikilizeni lilivyofanya kazi, maana bila hili hamtaelewa kitu. Watu wa mji ule waliishi kwa hodi. Ukiamka asubuhi unakwenda kwa jirani, unasimama kizingitini, unasema hodi, naye anasema karibu, na ndani ya ile karibu ndimo ulimo uso wako wa siku hiyo. Unatoka pale una pua, una jina, una kivuli kinachokufuata. Aliyeangukiwa na neno hakujibiwa tena. Hakupigwa, hakutukanwa, hakurushiwa hata ganda la ndizi. Walikuwa watu wastaarabu. Alibisha mlango wa kwanza, kimya, kivuli kikamwacha. Akabisha mwingine, kimya, nyusi zikafutika. Mlango hata mlango, sauti ikimwisha, uso ukimlainika, mpaka akasahau anaitwa nani, akatoka langoni kwa miguu yake mwenyewe na kupotelea kwenye ule weupe. Upepo ulipouzunguka ukuta ulikuwa na sauti, na sauti ile ilifanana mno na hodi, lakini watu walikubaliana kwamba ni upepo.

Upana wa neno ndio uliomnyima Bi Mize usingizi wake wa mchana. Enzi za shangazi lilitamkwa juu ya mtu aliyemtumbukiza mtoto wa nduguye kisimani. Hapo kila mtu alielewa. Baadaye likatamkwa juu ya mtu aliyemvunja mkewe mkono, nalo sawa. Lakini Bi Mize alikuwa amelitamka juu ya kijana aliyekula kasimama. Alikuwa amelitamka juu ya mwanamke aliyecheka msibani, juu ya mtu aliyepokea kikombe kwa mkono wa kushoto, na juu ya familia nzima iliyotoka ng'ambo ya vilima, ambayo kosa lake ni kutamka maneno kwa uzito, ikivuta mwisho wa kila sentensi. Kila mara ndege walinyamaza vilevile. Kila mara maji yalisimama hewani kwa kimo kilekile. Neno moja linawezaje kumbeba aliyezamisha mtoto pamoja na aliyepiga mwayo bila kuziba mdomo, na lisielemee upande wowote? Angekuwa anapima ngano sokoni angeambiwa mizani imeharibika. Lakini hii haikuwa mizani, hili lilikuwa Neno, na nani angethubutu kuligonga kwa kidole asikie kama limepasuka?

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye angeweza kumwuliza. Bi Jokha, mama yake Bwana Mselem, ndiye aliyekuwa somo yake, yaani ndiye aliyemfunda alipovunja ungo. Alimfunda kufunga kanga, kuficha hasira, na zaidi ya yote alimfunda kizingiti. "Mguu wa kulia ubaki nyuma," alikuwa akimwambia, huku akimpiga kikofi cha mapaja. "Hodi ya kwanza kwa mwenye nyumba, ya pili kwa waliolala, ya tatu kwako mwenyewe, ujue umekwishabisha. Usipojibiwa, huo si mlango tena, ni ukuta. Mtu haingii ukutani, mwanangu." Lakini Bi Jokha hakuonekana siku nyingi. Kila Bi Mize alipokwenda kumjulia hali, Bwana Mselem alimpokea barazani kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye mkeka mpya, akamletea kahawa na halwa. "Mama amepumzika leo," alisema kwa upole. "Ameniagiza nikusalimie sana." Naye Bi Mize alirudi kwake ana kipande cha halwa kwenye ncha ya kanga.

Haya. Alhamisi moja watu waliitwa uwanjani. Bwana Mselem alisimama katikati, kanzu yake nyeupe imenyooshwa haina kunjo, harufu ya udi inamtangulia. Alikuwa mtu ambaye hata mbu alimfukuza kwa kumwomba radhi. Pembeni yake, ameshikwa mikono na vijana wa lango, alikuwa Vuai, fundi wa kuezeka mapaa. Huyu babu yake alitoka ng'ambo ya vilima. Alikuwa akila anaongea, akiongea anarusha mate, akicheka kuku wanakimbia. Hakuna aliyemchukia, lakini hakuna aliyetaka kukaa naye sinia moja.

"Ndugu zangu, samahani kwa kuwatoa kwenye shughuli zenu," alianza Bwana Mselem. "Nisingependa kabisa. Lakini mtu huyu ameingia nyumbani kwangu bila hodi."

Mnong'ono ukapita uwanjani.

"Hata hodi moja?" aliuliza mama mmoja, mkono kifuani.

"Hata moja, mama yangu. Alisukuma mlango kwa bega."

"Mwulizeni kwa nini!" Vuai alipayuka. "Nilikuwa juu ya paa la jirani yake, natoa makuti mabovu, nikaona kwa macho yangu haya..."

"Mnamsikia anavyopiga kelele," alisema Bwana Mselem, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli.

Sheria ya uwanja ilikuwa na swali moja tu, amefanya au hakufanya. Kwa nini lilikuwa swali la watoto, na mtoto akishabaleghe aliliacha pamoja na kunyonya kidole. Bi Mize alisogea. Kitu chini ya ulimi wake kilikuwa kimeanza kupata moto.

"Vuai, mwanangu," alisema. "Ulibisha hodi?"

"Bi Mize, shikamoo, nisikilize kwanza, ni habari ya mtu wako..."

"Marahaba. Ulibisha, hukubisha?"

Fundi alitazama watu wote wale, nyuso nzuri zilizonawishwa, kila mmoja na uso aliopewa asubuhi ile na jirani yake. Mabega yakamshuka.

"Sikubisha," alisema.

Bi Mize akafumbua mdomo, akalitamka. Ushenzi! Ndege kimya. Kule jikoni kwa mtu moto ukasimama wima. Kivuli cha Vuai kikajibandua miguuni pake, kikateleza juu ya mchanga na kuingia chini ya ukuta, na Bi Mize, aliyekwisha kuyaona hayo mara nyingi, aliyatazama kama vile ndiyo kwanza anayaona. Kitu kikubwa kilipita uwanjani, nacho hakikuwa na uso. Kisha neno likamrudia chini ya ulimi, kama kawaida yake, ila safari hii halikupoa.

"Ahsante, mama," alisema Bwana Mselem. "Mungu akulipe."

Mchana ule Bi Mize alikaa uani kwake na ungo mapajani, akichambua mchele. Alitoa chuya, akatoa vijiwe, akavirusha kwa kuku. Kazi ile huituliza roho, lakini yake ilikataa kutulia. Kwa mbali alimsikia Vuai akianza mtaa wa juu. Hodi. Halafu kimya cha nyumba iliyojaa watu, ambacho si sawa na kimya cha nyumba tupu. Unaweza kusikia watoto wamezibwa midomo. Hodi. Kimya. Ile sauti nene ya mtu aliyezoea kuongea kutoka juu ya mapaa ilikuwa inapungua, mlango kwa mlango, ikashuka mtaa wa kati, ikawa ya mgonjwa, ikawa ya mtoto.

Habari ya mtu wako, aliwaza Bi Mize, ndivyo alivyosema. Mtu wangu yupi? Mimi sina mtu. Nina neno. Mwenye neno hana mtu, shangazi alisema hivyo. Au hakusema, nimejisemea mimi? Kijiwe hiki. Hiki nacho. Mbona leo linaunguza? Nimelitamka sawasawa, herufi zote, ndege wamenyamaza, nani atasema sikulitamka sawasawa? Kaingia bila hodi. Kaingia. Basi. Na aliyezamisha mtoto naye aliingia, aliingia wapi, aliingia moyoni mwa nani bila hodi? Tulia, Mize. Toa chuya.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni, ndogo mno.

"Karibu," alisema Bi Mize.

Lo! Lilimtoka hivi hivi, macho yapo kwenye ungo, kijiwe kiko kati ya vidole viwili. Lilimtoka kama linavyokutoka wewe na mimi tukiwa na shughuli mkononi. Alikuwa amelisema maelfu ya mara maishani na ulimi wake haukuwa na desturi ya kumwomba ruhusa. Alipoinua kichwa ndipo alipoona amefanya nini, na ungo ukamponyoka, mchele wote ukamwagika kwa kuku. Tangu ukuta ule ujengwe hakuna aliyewahi kumjibu mtu aliyeangukiwa na neno. Haikukatazwa hata kwa sheria, maana nani angefikiri itatokea? Na aliyemjibu ndiye huyohuyo aliyelitamka neno, siku hiyohiyo, kwa kinywa hichohicho. Alijishika mdomo kwa mikono miwili. Lakini karibu hairudishwi. Mgeni aliyeambiwa karibu ni mgeni, na mgeni hupewa maji na chakula kabla ya kuulizwa lolote. Hilo nalo alifundwa na Bi Jokha.

Kilichoingia kilikuwa na umbo la mtu. Uso ulikuwa laini kama unga uliokandwa, bila nyusi, bila pua. Bi Mize alimnawisha mikono. Akampakulia wali uliobaki jikoni na kipande cha samaki, akaketi naye sinia moja, kwa sababu mgeni hali peke yake. Na hapo, mbele ya macho yake, alishuhudia jambo ambalo hakuwahi kujua kama linawezekana. Kwa tonge la kwanza pua ilirudi. Kwa la pili nyusi zikaota, nene, za fujo, zilezile za fundi Vuai. Katikati ya sinia mtu akarudi. Bi Mize machozi yalimdondoka ndani ya wali na wala hakuyafuta. Vuai alianza kuongea mdomo umejaa, punje zikaruka mpaka kwenye kanga ya mwenyeji wake, naye hakuchukia hata kidogo. Aliona ni punje za mtu aliye hai.

"Naitwa Vuai," alisema fundi kwa mshangao.

"Ndiyo, mwanangu. Kula." Halafu Bi Mize akavuta pumzi na kuuliza swali la watoto. "Kwa nini uliingia bila hodi?"

Vuai akaacha kutafuna.

"Bi Jokha," alisema. "Nilikuwa juu, nimefunua paa la jirani, nikaangalia chini upande wa pili wa ukuta, paa ni moja na chumba chao cha ndani hakina dari. Amefungwa miguu kwenye kitanda kwa kanga nzuri, mpya, inanukia asumini. Mdomo umefungwa leso nyeupe iliyopigwa pasi. Na mwanawe anampiga nyayo kwa fimbo ya henzerani. Bi Mize, haki ya Mungu, kila fimbo anasema, samahani mama. Anapiga. Samahani mama. Anapiga. Kwa sauti ileile anayotusemesha barazani."

"Kakosa nini?"

"Anasema karibu. Kazeeka, masikio yake hayako sawa, upepo ukipita ukutani anadhani mtu anabisha, na yeye hawezi kumwacha mtu mlangoni. Anajibu. Kwa sauti kubwa, vile wasemavyo wasiosikia vizuri. Na huko Nje wanamsikia. Nilimsikia mwanawe akisema Jumatatu moja ilishatia mguu ndani ya lango bila ruhusa ya Bwana Mselem. Ndipo leso ikafungwa."

Bi Mize alirudisha tonge lake siniani. Neno chini ya ulimi wake lilikuwa linachemka.

Barazani. Mkeka mpya. Halwa ya lozi, nikasema, mashaallah, halwa nzuri hii. Ukuta mmoja kati yetu. Mama amepumzika. Nikasema, mwache apumzike. Hodi yangu aliisikia. Kila siku aliisikia. Hakuwa na mdomo wa kunijibu na mimi nikajibiwa na mwingine, nikatosheka. Kwa hiyo ni wapi linapokaa? Si kwenye mkono wa kushoto. Si kwenye kicheko. Nimelitafuta kwa watu wenye punje midomoni na kumbe linavaa kanzu iliyonyooshwa, linanukia udi, linasema samahani. Nalo likaja uwanjani likaniomba nimpe jina lake mtu mwingine. Na mimi nikampa. Ndege wakanyamaza.

"Hodi, hodi hapa," ilisema sauti mlangoni, nzuri, ya kina, ya mtu anayeita hata siku zikaja. "Bi Mize, mama yangu. Samahani kwa kukusumbua."

Ulimi wa Bi Mize uliinuka wenyewe. Aliukandamiza kwa kitu kilichokuwa chini yake, na kwa mara ya kwanza neno lile lilimsaidia, maana hapakuwa na nafasi ya yote mawili. Vuai alikuwa amekodoa macho, tonge halijafika mdomoni.

"Hodi," alisema tena Bwana Mselem. "Nimesikia una mgeni. Nadhani pametokea kosa dogo. Ningependa tulizungumze kistaarabu."

Kuku walichokora mchele. Bi Mize jasho lilimtiririka mgongoni. Kumwacha mtu mlangoni mara mbili! Mwili wake wote ulikataa, kila kikofi alichopigwa mapajani kilikuwa kinamwasha upya.

"Hodi," ilikuja ya tatu.

Hakujibu. Na hapo akaelewa jambo ambalo liko wazi kabisa lakini hakuna aliyepata kulijaribu. Bwana Mselem hakuweza kuingia. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, hauna komeo, mtoto angeusukuma. Lakini angeusukuma angetenda kosa lilelile alilomleta Vuai uwanjani kwa ajili yake, na mtaa mzima ulikuwa umechungulia. Mtu aliyeweza kuzizuia Jumatatu alikuwa amezuiwa na ukimya wa bibi mfupi. Aliwafokea vijana wake? Ah, wapi, hakufoka kamwe. Alisafisha koo, akaanza upya kubisha, kwa upole zaidi, akitumaini.

"Kaa hapa," Bi Mize alimnong'oneza Vuai. "Maliza wali. Wewe umekaribishwa, hakuna wa kukutoa."

"Na wewe, bibi? Watakunyima karibu. Utafutika."

"Kula," alisema, akajifunga kanga kiunoni, akapita mlango wa uani.

Alikwenda kwa mguu katikati ya Alhamisi ile iliyochakaa kwa kutumiwa. Nyuma ya kila dirisha kulikuwa na macho. Miguu yake ilikuwa ya bibi, kisha ya msichana, kisha ya mwanamke mwenye mimba ambayo hakumbuki aliizaa lini, na yote ilikwenda upande mmoja. Karibu na ukuta upepo ulivuma, na leo hakuweza tena kukubaliana na wenzake kwamba ni upepo. Alisikia ile sauti ya kuvuta mwisho wa sentensi, ya familia ya ng'ambo ya vilima. Alisikia kicheko cha msibani. Hodi, walisema, hodi, hodi, na nyuma yao, nzito na zenye subira, zilisimama siku zote ambazo hazikuitikiwa, Jumatatu kwa Jumatatu, zimejipanga mpaka upeo wa weupe. Walikuwa hawajaenda popote. Miaka yote hiyo walikuwa wamesimama mlangoni kwa adabu. Bi Mize akaona kwamba mji wao wote ulikuwa kijichumba kidogo sana.

Akafika kwa Bwana Mselem. Baraza imefagiwa, mkeka umekunjwa, birika linang'aa. Akasimama kizingitini na mguu wa kulia ukabaki nyuma wenyewe. Pale pale, kwa kuwa siku za kule hazikujua kupangika, alimwona kando yake msichana aliyevunja ungo juzi, amejifunga kanga vibaya, anasubiri kupigwa kikofi. Walikuwa wamesimama pamoja, mfundwa na bibi, mwili mmoja. Ndani kulisikika mguno wa mtu aliyezibwa mdomo. Bi Mize akafumbua kinywa aseme hodi.

Atajibiwa na nani? Mwenye nyumba yuko kwake, anabisha mlango mwingine. Aliyelala amefungwa leso. Alitafuta ruhusa ya mtu aliyenyimwa mdomo wa kuitoa, na angeweza kubisha kwa adabu pale mpaka kizee afe, na mji mzima ungemsifu kwa malezi yake. Kumbe leso ile moja ndiyo iliyobeba ustaarabu wao wote. Akaimeza hodi. Ilimkwaruza koo. Msichana aliye kando yake akamtazama kwa hofu kubwa, na Bi Mize akamshika mkono, akapiga moyo konde, akavuka.

Chumba cha ndani kilinukia asumini. Bi Jokha alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka, macho yamefanya ukungu, nyayo zimevimba, zimepakwa mafuta mazuri. Bi Mize alipiga magoti. Vidole vyake, vilivyozoea kutoa vijiwe kwenye mchele, vilihangaika na fundo la leso, kwa sababu lilikuwa limefungwa kwa ustadi. Likafunguka. Kizee akalamba midomo, akameza mate, akageuza uso kuelekea mlangoni na kukunja paji la uso kwa ukali uleule wa zamani.

"Nani huyo?" alisema kwa sauti kavu. "Nani kaingia kwa watu bila hodi?"

Bi Mize alitaka kutaja jina lake, lakini kitu kilikuwa njiani, kinaunguza, hakikutaka tena kukaa. Akakiacha kitoke.

"Mimi, somo," alisema. "Mshenzi."

Nje jogoo aliwika. Kuku wakaendelea kugombana, ndege wakaendelea na yao juu ya paa, na maji ya mtungi ulioinama uani yakamwagika moja kwa moja mpaka chini. Chini ya ulimi wake hapakuwa na kitu. Bi Jokha akanyoosha mkono, akamgusa mashavu, pua, paji la uso, taratibu, mpaka akafika kwenye machozi.

"Mize," alisema. "Mbona umechelewa hivi?"

Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kumwacha mtu mlangoni, akavuta pumzi yake yote na kusema kwa sauti ile kubwa ya wasiosikia vizuri, "Karibu! Karibuni nyote!" Na kule langoni, ambako hapakuwa na mlinzi, upepo ukanyamaza, na Jumatatu ikaanza kuingia.